Pakiti ya Nusu Kilo Ifike Siku 40: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Chumvi kwa Ajili ya Presha na Figo

Kila ninapoandika habari za presha, swali linalorudi huwa ni lilelile: "Chumvi nimeshaacha, mbona presha haishuki?" Siamini kwamba watu wanadanganya. Shangazi yangu wa Tandika aliniambia maneno hayohayo, nikaenda kukaa naye jikoni siku nzima. Kweli, kichupa cha chumvi hakikuwepo mezani. Lakini mchicha aliuvunjia vidonge viwili vya mchuzi, maharage akayatia magadi ili yaive upesi maana gesi ni ghali, na dagaa wa pwani aliowakaanga walikuwa wameshachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla hata hawajafika sokoni. Mwisho akaonja mchuzi, akakunja uso, akapeleka mkono kwenye kopo.

"Punje tu, mwanangu."

Ile punje niliipima kwenye mzani wake wa keki. Gramu tatu.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunaupa ulimi kazi ya kupima, na ulimi uliozoea chumvi utasema kila siku kwamba haitoshi. Kwa hiyo humu tutapima pakiti, na ulimi utafuata wenyewe baadaye.

## Chumvi inafanya nini huko ndani

Chumvi huvuta maji. Ukila nyingi, mwili hubakiza maji ili kuizimua, damu inaongezeka ujazo, na moyo unalazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kwenye mishipa ileile. Hiyo ndiyo presha.

Kazi ya kuitoa chumvi ni ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufika milioni moja, na figo zote mbili huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, karibu yote yakarudi mwilini na kubaki lita moja au mbili za mkojo. Vichujio hivyo ni mafundo ya mishipa myembamba mno. Presha ikikaa juu kwa miaka, vinakakamaa, vinaota makovu, na protini inaanza kuvuja kwenye mkojo. Figo iliyopungukiwa vichujio inashindwa kutoa chumvi yote, maji yanabaki, presha inapanda zaidi. Na figo haiumi mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake huku anapanda daladala kila asubuhi kama kawaida.

Tena chumvi hupigana na dawa. Enalapril na losartan, ambazo wengi mnazo kwenye mikoba, hufanya kazi pungufu kwa mtu anayekula chumvi nyingi, hasa ile kazi ya kuzuia protini isivuje.

## Nani aongee na daktari kwanza

Mwenye ugonjwa wa figo tayari, mwenye moyo uliopanuka au kuchoka, mjamzito, na mzee anayemeza dawa za kukojoza kama Lasix. Hawa nao huhitaji kuangalia chumvi, ila kipimo chao kipangwe na anayewatibu. Na usiguse dozi ya dawa zako za presha kwa sababu tu umeanza mwongozo huu.

## Vitu vya kuandaa

- Pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, laini, yenye madini joto
- Kijiko cha plastiki cha mililita 5, kile kinachokuja na dawa ya maji ya watoto
- Kikombe kidogo cha kahawa, cha aina ile ya barazani
- Kalamu na daftari, au ukuta wa kabati usioogopa kuandikwa
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko; za kifundo cha mkono hukosea kirahisi
- Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, ukwaju, pilipili

Kijiko cha chai cha nyumbani usikitumie. Nilipima vinne kutoka droo moja, na hakuna viwili vilivyobeba sawa.

Neno moja kuhusu pakiti. Chumvi ya mawe na ile ya pinki ya bei mbaya madukani, kwa presha, ni chumvi tu. Ukikimbilia isiyo na madini joto, unaongeza hatari ya rovu na presha iko palepale.

## Hatua ya 1: Pima presha wiki nzima kabla hujabadili chochote

Presha ya siku moja haitoshi. Umeshuka kwenye mwendokasi Kariakoo, umebanwa na mkojo, jua kali, unaingia duka la dawa na mkono unafungwa hapohapo: namba utakayopewa ni ya safari.

Nyumbani fanya hivi. Kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, nyayo zikiwa chini, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya juu. Kwa kipimo cha hospitali mpaka ni 140/90.

Onyo: ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki hapo, onana na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa inaambatana na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, kuona ukungu, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, nenda hospitali sasa hivi. Daftari litasubiri.

Umefanikiwa ukiwa na: namba moja ya wastani, imeandikwa, ina tarehe.

## Hatua ya 2: Ijue chumvi ya nyumba yako

Fungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake, pikeni kama mlivyozoea. Msijibane. Ikiisha andika tarehe tena.

Hesabu ni nyepesi. Gramu 500 zikiisha siku 15, nyumba inatumia gramu 33 kwa siku. Mkiwa watano, kila mtu anakula karibu gramu 7 kutoka sufuriani peke yake, hapo bado mkate, dagaa na chipsi za jioni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, ya sufuriani na ya kila kitu kingine ikijumlishwa. Mtoto apate chini ya hapo.

Sasa lengo. Watu watano kwa gramu 5 ni gramu 25. Nusu nitaiacha kwa vyakula vinavyokuja na chumvi yao, inabaki kama gramu 12 za jikoni. Kile kijiko cha mililita 5, ukikisawazisha kwa mgongo wa kisu, hubeba gramu 6 hivi za chumvi laini. Yaani vijiko viwili kwa siku, kwa nyumba nzima, sufuria zote. Kwa mwendo huo pakiti ya nusu kilo inafika siku 40 na ushei. Mkiwa watatu, ni kijiko kimoja na robo hivi.

Onyo: chumvi ya kusugulia samaki, kuoshea utumbo au kuondoa utelezi wa bamia isitoke kwenye pakiti hii. Iwekee kopo lake. Bila hivyo utahesabu chumvi iliyokwenda kwenye sinki kana kwamba mmeila, au dada wa nyumbani atalaumiwa bure.

## Hatua ya 3: Isake iliyojificha

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vidonge vya mchuzi na mchuzi miksi. Karibu nusu ya kidonge, mara nyingi zaidi, ni chumvi. Cha gramu 4 kihesabu kama gramu 2 za chumvi, sawa na theluthi ya kile kijiko. Ukikitumia, punguza kiasi hicho kwenye chumvi ya siku. Kusema "chumvi sijatia, nimetia kidonge tu" ni sawa na kusema hukunywa soda, ulikunywa ya chupa ndogo.

Magadi na baking soda. Hayana ladha ya chumvi, ndiyo maana yanapita bila kushukiwa, lakini yamejaa sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Maharage na makande loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Gesi utaokoa na magadi hutayahitaji.

Dagaa, ng'onda, papa mkavu. Dagaa wa pwani wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi ndipo waanikwe, tofauti na dagaa wa Mwanza ambao kwa kawaida huanikwa juani tu. Muulize muuzaji. Wa pwani waloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, wakamue, wasuuze, halafu wapike bila kuongeza chumvi yoyote. Ng'onda alale kwenye maji, ubadilishe mara mbili tatu, kisha umchemshe na maji ya kwanza uyamwage. Hata hapo chumvi haiishi yote. Kwa mwenye figo mbovu ningesema amwache.

Mkate. Hauna ladha ya chumvi kwa sababu umezoeleka. Silesi nne za kawaida zinaweza kubeba kati ya gramu 1 na 2. Viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha au magimbi asubuhi vinakupa nafasi hiyo bure. Ugali wetu hauna chumvi, na ni zawadi ambayo hatuioni.

Tambi za paketi za kuiva upesi. Pakiti moja na kile kipakiti chake cha viungo inaweza kumaliza nusu ya kiwango cha siku. Ukiinunua, tia robo ya kipakiti, kinachobaki tupa.

Maji ya kisima. Hili sisi wa Dar tunalijua mdomoni. Sehemu nyingi za jiji visima vina maji ya chumvi. Sodiamu kwenye maji huanza kuonjeka ikifika karibu miligramu 200 kwa lita, kwa hiyo maji unayoyasikia chumvi, ukinywa lita mbili, yamekupa walau gramu nzima ya chumvi kabla hujala. Na kuyachemsha hakuiondoi: maji yanapungua, chumvi inabaki, yanakolea zaidi. Ya kisima fulia na oshea vyombo. Ya kunywa, chai na kupikia, tumia ya bomba au yaliyopita kwenye mashine ya kuondoa chumvi.

Vidonge vya kuyeyusha vinavyotoa mapovu. Vya maumivu, vya vitamini. Yale mapovu yanatokana na magadi ya kiwandani, na kidonge kimoja kinaweza kuwa na sodiamu ya karibu gramu moja ya chumvi.

Bidhaa za pakiti zina jedwali nyuma. Tafuta neno linaloanza na "sodi", chukua miligramu zake uzidishe kwa 2.5, hiyo ndiyo chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2. Angalia pia kama ni kwa gramu 100 au kwa pakiti nzima, wengi huteleza hapo.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha ya vitu vitatu au vinne vya nyumba yako. Usipambane na vyote. Shangazi aling'oa vidonge na magadi tu, na pakiti za viungo kabatini zikapungua nusu mwezi huohuo.

## Hatua ya 4: Shuka ngazi, usiruke

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuacha ghafla. Chakula kinakuwa kama karatasi, watoto wanasukuma sahani, mzee anatoka kwenda kula kwa jirani, na siku ya tano kopo linarudi mezani kwa hasira.

Ulimi hubadilika, ila kwa wiki. Kama nyumba yako ilianzia vijiko vitano na nusu kwa siku, shuka hadi vinne na nusu, kisha vitatu na nusu, viwili na nusu, halafu viwili. Kila ngazi kaa siku kumi hadi kumi na nne. Miezi miwili hivi kwa jumla.

Namna ya kuitekeleza: asubuhi pima chumvi ya siku nzima, itie kwenye kikombe cha kahawa, kopo kubwa lifungwe na kupandishwa juu ya kabati. Kila anayepika anachota humo. Kikombe kikikauka, mboga ya jioni itaungwa kwa ndimu.

Onyo: kuna chumvi ambayo sehemu yake imebadilishwa kuwa potasiamu. Inasaidia kweli: utafiti mkubwa wa vijiji 600 nchini China, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kiharusi kikipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, asiiguse bila daktari. Potasiamu ikishindwa kutoka huvuruga mapigo ya moyo, na mara nyingi haina dalili ya kukuonya mapema.

Umefanikiwa ukiona: wiki ya sita au ya saba, chakula cha msibani au cha harusini kinakushtua kwa chumvi. Wapishi hawajabadilika.

## Hatua ya 5: Tia ladha pale chumvi ilipokuwa

Tia chumvi mwishoni. Uliyoitia mwanzo imezama ndani ya nyama; ya mwisho inabaki juu, ulimi unaikuta kwanza, na nusu ya kiasi inatosha.

Kinachoziba pengo vizuri ni uchachu. Kamua ndimu kwenye mchicha baada ya kuuepua, tia ukwaju kwenye mchuzi wa samaki, embe bichi kwenye dagaa. Tui zito la nazi nalo husamehe mengi: kisamvu cha nazi na karanga chenye chumvi nusu, hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Wali wa nazi vilevile. Penye ugumu ni pilau, siwezi kuficha. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia hasa, ongeza bizari nyembamba na kitunguu saumu kuliko ulivyozoea, na kachumbari iwe ya ndimu na pilipili bila chumvi kabisa.

Mchicha, maharage na ndizi vina potasiamu inayosaidia kushusha presha. Kwa mwenye figo zilizochoka hapa ushauri hugeuka, afuate daftari la kliniki yake.

## Hatua ya 6: Kula mtaani

Kwa muuza chipsi sema kabla hajamimina kwenye karai la kuchanganyia, baadaye umechelewa.

"Kaka, zege moja, chumvi usiweke."

"Bila chumvi kabisa, dada? Unaumwa?"

"Naweka mwenyewe."

Ukiweka mwenyewe utaweka kidogo, na tomato yake pia ina chumvi. Mihogo ya Coco Beach omba pilipili kando, maana ile ya unga imechanganywa na chumvi. Kwa mama lishe sufuria ni moja na hatakupikia peke yako: kula samaki na mboga, mchuzi uache bakulini. Supu ya asubuhi ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu chumvi yote iko kwenye maji unayoyanywa, na mezani kuna kichupa kingine kinakusubiri. Kunywa nusu bakuli, kamua ndimu.

## Hatua ya 7: Pima tena, na zamu hii pamoja na figo

Ukishakaa mwezi mmoja kwenye ngazi ya mwisho, rudia wiki ya vipimo vya Hatua ya 1, kwa saa zilezile na mkono uleule.

Usitarajie 170 iwe 120. Kwa wastani, kupunguza kama gramu 4 za chumvi kwa siku kwa mwezi au zaidi hushusha namba ya juu kwa karibu nukta 5 kwa wenye presha. Wengine hushuka zaidi, hasa wazee na watu weusi, ambao miili yao mara nyingi huitikia chumvi kwa nguvu. Ikishuka mpaka unaona kizunguzungu ukisimama, usikate dozi mwenyewe. Peleka daftari kwa daktari.

Siku hiyohiyo omba vipimo viwili: kreatinini ya damu, ambayo hutumika kukokotoa kasi ya figo kuchuja, na protini ya albumini kwenye mkojo. Kasi ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo hata kama hujisikii vibaya. Mwenye presha au kisukari avifanye walau mara moja kwa mwaka. Mkojo wenye povu lisiloisha, macho kuvimba asubuhi au viatu kubana jioni, usisubiri mwaka.

Na acha mazoea ya diclofenac na ibuprofen kwa kila mgongo unaouma. Dawa hizo hubakiza chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na kuumiza figo. Nimeona watu wanaohesabu punje za chumvi huku wanameza diclofenac mbili kwa siku.

## Pakiti ikiisha siku ya 25

Usianze upya. Uliza maswali matatu jikoni: nani alikanda chapati, nani alipika mgeni alipokuja, na chumvi ya kuoshea samaki ilitoka kopo gani? Jibu mara nyingi liko hapo. Chapati za kilo mbili za unga huweza kumeza kikombe kizima cha siku, kwa hiyo siku ya chapati mboga iungwe bila chumvi.

Kama majibu yote ni safi, angalia kijiko. Kwa shangazi tulitafuta siku mbili, kumbe mjukuu alikuwa ameondoka nacho kuchezea mchanga, na kilichokuwa kwenye kikombe cha kahawa ni kijiko cha supu.